Mzee Aliyekuwa Sauti ya Mbuzi

Kawira na Mwenda, vijana ninaowaachia meza ya kuhariri, wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu studioni kabla sijasahau. Nawashukuru kwa kudhani kwamba bado sijasahau. Nitaandika yale ninayoyaona wazi. Yale yenye ukungu nitayaacha, maana hata picha yenye ukungu tulikuwa hatumpi mteja.

Niliingia studio ya Mzee Namu, mjini Embu, kama mteja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka picha ndogo za kubandika kwenye fomu ya chuo. Alinisimamisha mbele ya pazia lililochorwa ziwa, miti na bata. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba bata wake wamegeuka miguu juu. Mzee Namu akatoka nyuma ya kamera, akatazama pazia kwa muda mrefu.

"Hilo pazia liko hivyo tangu Jumatatu," akasema. "Leo ni Ijumaa. Wewe unafanya kazi wapi?"

"Sina kazi."

"Basi kuja kesho. Uje na sweta, huko nyuma kuna baridi."

Fomu ya chuo sikuijaza. Siku yangu ya kwanza sikushika kamera. Niliosha trei za dawa, nikaning'iniza picha zikauke, na mchana Mzee akaniweka mlangoni nitazame watu wanavyotengeneza nyuso zao kabla ya kuingia. Alisema hiyo ndiyo shule. Nilidhani ananizungusha tu. Baada ya wiki mbili niliweza kujua, mtu akiwa bado anafuta viatu mlangoni, ni upande gani wa uso anaouonea aibu.

Kisha video ikaja. Kamera yetu ya kwanza ilikaa begani, nzito kama debe la maji, na betri yake tuliivaa kiunoni. Tulirekodi harusi, mazishi, na sherehe za kuwekwa wakfu kwa mapadri. Kuhariri tulifanya kwa mashine mbili za kaseti: moja inacheza, nyingine inanakili, na wewe katikati, kidole kimoja huku na kingine kule. Mashine ya kunakili ilichelewa kidogo kuamka, kwa hiyo ulibonyeza kabla ya pale unapotaka, kama mtu anayerukia kamba. Ukikosea unarudia kutoka mwanzo. Nyinyi mnaobonyeza na kurudisha mnavyotaka, msinicheke. Mimi nilimaliza harusi nzima ya kule Kanja, nikagundua kwamba nimemkata mama mzazi wa bwana harusi, nikaianza upya.

Mzee Namu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyonipa nimeyatumia mpaka mwezi uliopita. Alisema harusi si ya bwana wala bibi harusi; ni ya mama zao, usimkate mama. Alisema pia kwamba picha ikiwa mbaya watu watavumilia, lakini sauti ikiwa mbaya watazima. Ndiyo sababu alinifundisha kusikiliza kwanza, macho yakiwa yamefungwa, ndipo nitazame.

Sasa nifike kwa filamu, maana najua ndiyo mnayoingoja.

Kompyuta ilikuwa imeshafika studioni, na kaseti zilikuwa zimepungua zikawa ndogo kama kiberiti kikubwa. Siku moja akaja Mwalimu Kirimi, mtu wa Meru, aliyekuwa akifundisha na kusimamia klabu ya maigizo. Alibeba daftari la kurasa nyingi na diski moja ya filamu ya nje, ya watoto. Daftari lilikuwa hadithi yake: msichana wa nchi kame ambaye mvua imekataa kwao, na mbuzi wake mweupe anaanza kuongea, kisha wawili hao wanapanda mpaka mlimani kuuliza mvua imekwama wapi. Alitaka filamu ambayo mama, baba, nyanya na mtoto wa darasa la pili wataketi pamoja wakaitazama, na hakuna atakayelazimika kumfunika mwenzake macho.

Diski ile ya nje alitaka tuione kwa sababu nyingine. Aliiweka, akaruka filamu yenyewe, akafungua sehemu ya nyongeza. Huko tukaona watu wazima wamevaa mikia, nyaya zinazombeba mtoto hewani, na mzee mmoja akieleza kwa furaha jinsi alivyotengeneza pua ya mpira.

"Hii ndiyo nataka," Kirimi akasema. "Mtoto wa kule Kiritiri aone filamu, halafu aone vile ilitengenezwa, ajue hata yeye anaweza."

Mzee Namu akaniangalia mimi, ambaye kufikia hapo kila mtu aliniita kwa jina la mwanangu. "Mama Mugendi, utaweza kuhariri mbili kwa wakati mmoja?"

Nikasema nitaweza. Sikuwa na hakika yoyote.

Tulirekodi sehemu kubwa Kiritiri, kwa sababu tulihitaji ardhi nyekundu na vichaka vya miiba, na kwa sababu huko ndiko mbuzi wanakotoka. Mbuzi mweupe tuliyemtaka alikuwa wa Mzee Ireri, mfanyabiashara wa mbuzi, mrefu, mkavu, shavu moja limevimba majani ya muguka anayotafuna tangu asubuhi. Alikubali kutuachia mnyama wake kwa sharti moja, kwamba naye awepo kila siku, kwa maana mbuzi huyo hakuwa amezoea kushikwa na watu wa Meru.

Msichana wetu aliitwa Makena, wa darasa la saba, mwenye macho yasiyoogopa kamera. Yeye hakutupa taabu. Taabu ilikuwa mbuzi. Tulikuwa tumeshona kitambaa kikubwa cha kijani cha kutandaza nyuma yake, ili kwenye kompyuta tuondoe ule ukijani na kumweka mbuzi mawinguni. Siku ya kwanza ya kumrusha, alisimama vizuri, akageuka, akala kona ya kitambaa. Kwenye filamu, mkitazama vizuri, kuna wingu moja lenye pembe iliyotafunwa. Wingu hilo ndilo kona ile.

Kumfanya aongee ilikuwa rahisi kuliko mnavyofikiri. Mbuzi akipewa majani anatafuna, na anapotafuna midomo inakwenda. Unarekodi kutafuna, kisha unatafuta maneno yanayolingana na midomo. Kirimi alikuwa amemtayarisha mwanafunzi wake mmoja mwenye sauti ya redio awe sauti ya mbuzi. Kijana alisema maneno yake vizuri sana, kama anayesoma habari. Wakati huo huo, nyuma ya kamera, Mzee Ireri alikuwa akimnong'onezea mbuzi wake: "Simama sasa, mama. Hawa watu wamesoma lakini hawajui kitu. Tafuna polepole, usiwape yote." Sote tukaanza kucheka, mpaka Makena akalazimika kuketi chini.

Nilivaa vipokea sauti, nikafunga macho kama nilivyofundishwa. Nikamwambia Kirimi, "Mwalimu, mbuzi wako ni huyo."

Hakupenda. Alikuwa na ahadi kwa kijana wake. Lakini jioni hiyo tuliweka sauti zote mbili juu ya picha ile ile, akazisikiliza mara tatu, akafunga daftari. "Sawa," akasema. "Mungu anisaidie na huyo mzee."

Tulirekodi sauti ya Mzee Ireri katika chumba cha nyuma, kuta zimefunikwa mablanketi. Hakusoma karatasi. Nilimwonyesha mbuzi akitafuna, nikamweleza msichana anauliza nini, naye akajibu. Alikuwa akingoja midomo ianze, anaanza, ikisimama, anasimama. Watu waliosomea kazi hiyo huchukua siku nyingi kuijua. Yeye alijua mbuzi.

Nyongeza za diski nilizitengeneza mwishoni, filamu ilipokwisha. Niliita sehemu hiyo Nyuma ya Kamera. Kirimi alitaka iwe yeye ameketi mbele ya rafu ya vitabu akieleza maana ya hadithi. Nilimrekodi, na alieleza vizuri. Lakini nilikuwa pia nimemrekodi Mzee Ireri ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mbuzi kando yake, akijibu maswali yangu kwa Kiswahili chake cha sokoni. Nilimwachia dakika kumi na moja. Kirimi alipoona akasema ni nyingi mno.

"Anazunguka," akaniambia. "Anaulizwa kuhusu filamu, anatupeleka barabarani. Bakisha mbili."

"Zile zingine ndizo nzuri, Mwalimu."

"Ni nzuri kwako. Mimi ndiye mwenye filamu."

Tulibishana mpaka Mzee Namu akatoka chumba cha mbele na kikombe chake cha chai. Alitazama dakika zote kumi na moja akiwa amesimama, chai ikapoa. Kisha akamuuliza Kirimi, "Hii diski itatazamwa na nani?"

"Watu wa huku. Embu, Meru, Mbeere."

"Basi waachie mtu wao."

Zikabaki kumi na moja. Kirimi hakusema nami siku tatu, halafu akasahau.

Filamu ilipendwa. Tuliionyesha mashuleni na kumbi za makanisa, na kila mahali watoto waliondoka wakiongea kama mbuzi. Tulitengeneza diski zenye jalada la rangi, na kila mahali tuliporekodia tukatoa moja ya shukrani. Kabla msimu haujaisha, diski za wizi zilikuwa sokoni, filamu tatu kwenye diski moja, yetu ikiwa katikati ya mbili za mateke na ngumi. Ili nafasi itoshe, wezi hao waliondoa nyongeza. Wakati huo jambo hilo halikunisumbua. Nilikasirikia wizi wa filamu, na nyongeza sikuziwazia kabisa.

Sasa niandike lile ambalo ningependa kuliruka.

Desemba iliyofuata tulikuwa na harusi nyingi. Kaseti zilipungua, na kompyuta ikajaa hata haikuweza kufungua kazi mpya. Hakuna aliyeniambia nifanye nilichofanya. Nilichukua kaseti za Kiritiri nikarekodia juu yake harusi za Gachoka na kwingineko. Nikafuta pia mafaili ya filamu kwenye kompyuta, nikijiambia kwamba kazi imekwisha na diski ziko. Ile diski mama, ya kwanza tuliyonakilia nyingine zote, Mwalimu Kirimi alikuwa ameondoka nayo alipohamishwa. Nilibandika lebo mpya juu ya zile za zamani, na mikono yangu haikusita hata kidogo. Ningekuwa nimekosea kwa kutojua, ingekuwa nafuu. Nilijua, nilidhani tu haina maana.

Miaka ikapita. Mzee Namu akapumzika, tukamzika kwao. Nikabaki na studio na binti yake. Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa makamo yaliyosogea, kitambaa kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alinisalimia kwa jina.

"Wewe ndiwe Mama Mugendi wa kamera. Mimi ni Igoki, mke wa Ireri wa mbuzi."

Nilifurahi, nikaanza kumuuliza habari za Mzee. Akatoa kitabu cha nyimbo za kanisa, akakifungua katikati, na humo mlikuwa na diski yetu, jalada lake lilishapotea. Mzee Ireri, akaniambia, alikuwa amepata kiharusi miaka mitano nyuma. Mkono wa kulia ulilala. Mguu ulirudi kidogo. Kuongea hakukurudi kabisa.

"Anasikia yote," akasema. "Anaelewa yote. Lakini maneno hayatoki."

"Pole sana, mama."

"Asante. Sasa hii diski inakwama. Ni vile tumeicheza sana. Nataka unitengenezee ingine."

Nikaiweka kwenye mashine. Filamu ilicheza vizuri mwanzo hadi mwisho. Nyongeza ndizo zilikuwa zimelika. Mzee Ireri alionekana juu ya debe lake, akafungua mdomo, na picha ikaganda hapo. Nilijaribu mashine nyingine, nikaisafisha kwa kitambaa laini, nikaipaka dawa ya meno kama tulivyokuwa tukifanya. Iliganda pale pale.

Nikamwambia, kwa kutafuta njia ya kutokea, kwamba filamu yenyewe ni nzima na sauti ya Mzee imejaa humo.

Mama Igoki akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgumu kuelewa.

"Kwa filamu anaongea kama mbuzi," akasema. "Hapo nyuma ndio anaongea kama yeye. Kuna wajukuu wamezaliwa baada ya ugonjwa. Hawajawahi kumsikia."

Ikabidi nimwambie. Nilimweleza kuhusu kaseti, kompyuta, na harusi za Desemba. Sikumtaja Mzee Namu wala Kirimi, kwa sababu hawakuhusika. Nilipomaliza aliurudisha mkoba kifuani.

"Ulikuwa unafanya kazi yako," akasema. "Sasa fanya hii ingine."

Akaondoka akiniachia diski.

Nilianza kwa Kirimi. Alikuwa amestaafu, yuko Meru analima viazi. Diski mama alikuwa amemwazima mtu wa kanisani, na mtu huyo alihama na vitu vyake vyote. "Ulikuwa sahihi kuhusu zile dakika kumi na moja," akaniambia kwenye simu, bila mimi kumuuliza. Nikampigia Makena. Sasa ni muuguzi, ana mtoto wake. Alicheka kwa aibu.

"Auntie, hata mimi niko na ile ya filamu tatu. Yangu ya kweli ilichukuliwa hosteli."

"Unakumbuka nani mwingine tulimpa?"

Akafikiri. "Si tulipiga zile za darasani Kanja? Headmaster alipewa. Nakumbuka aliishika kwa mikono miwili."

Mwalimu mkuu yule alikuwa ameshahama, lakini nilienda Kanja hata hivyo. Naibu wa sasa, mama mpole, alifungua kabati la ofisi ambalo alisema hakuna anayelifungua. Tulitoa ramani, kengele iliyopasuka, vikombe vya riadha, na rundo la karatasi za mitihani ya watu ambao sasa ni wazazi. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, kulikuwa na diski yetu, bado ndani ya plastiki yake.

"Televisheni yetu iliharibika wiki ile ile," naibu akasema, kana kwamba ananiomba radhi. "Hatukuwahi kuitazama."

Nilimshika mkono, nikakaa kidogo kwenye kiti cha wageni.

Studioni niliinakili mara sita, nikaiweka pia mahali ambapo mikono yangu isingeweza kufuta kwa haraka. Nyinyi mnalijua lile sanduku la chuma. Ndiyo sababu hamjawahi kuruhusiwa kufuta wala kurekodia juu ya chochote kilichorekodiwa, hata mazishi ya mtu tusiyemjua, na ndiyo sababu mlikuwa mkininung'unikia.

Jumamosi nikaenda Kiritiri. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Mzee Ireri alikuwa kwenye kiti cha mbao, amenyolewa vizuri, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alinitambua. Alinipa mkono wa kushoto na kuushikilia. Nilianza kuongea kwa haraka, kama watu tunavyofanya mbele ya mtu asiyeweza kujibu, kisha nikaona macho yake yananingoja nimalize, nami nikanyamaza.

Mama Igoki aliondoa kitambaa kilichofunika televisheni, akaketi na rimoti. Hakupita kwenye filamu. Alijua vibonyezo kwa vidole: chini, chini, kulia. Wajukuu watatu waliketi sakafuni.

Yule mwanamume mrefu, mkavu, akatokea juu ya debe lake. Sauti yangu, ya kijana zaidi, ikamuuliza alimfundishaje mbuzi kuongea.

"Sikumfundisha," Mzee Ireri wa kwenye televisheni akasema. "Mimi ndio nilijifunza. Nilijifunza kungoja mpaka aanze kutafuna."

Akaeleza kuhusu kitambaa kilicholiwa. Akaeleza jinsi mbuzi anavyomjua mtu muoga. Kisha nikamuuliza mkewe anasema nini juu ya kazi hii ya filamu. Akahamisha muguka shavu la pili, akatazama pembeni, akitabasamu.

"Igoki anasema naongea sana. Ni ukweli. Lakini ni yeye alianza. Siku ya kwanza kuonana, alinisimamisha barabarani akaniuliza njia ya Gachoka. Sasa huyo ni msichana amevaa vizuri, anaenda peke yake. Utamwonyesha na kidole tu? Nikaanza kumwelezea. Nikamwambia utaona mti, utaona kwa fulani, ukifika hapo usishuke. Nikaona atapotea. Nikatembea na yeye nikimwelezea. Mpaka leo bado namwelezea."

Mama Igoki hakusogea. Mdogo wa wajukuu, msichana wa miaka mitatu hivi, aligeuka kutoka kwenye televisheni akatutazama sisi watu wazima mmoja mmoja.

"Huyo anaongea ni nani?" akauliza.

Mzee Ireri aliinua mkono wa kushoto kutoka kwenye paja, polepole, akajipiga kifuani mara mbili. Mtoto akaangalia televisheni, akamwangalia babu yake, akaangalia televisheni tena. Kisha akainuka, akaenda kusimama kati ya magoti yake, akaweka kiganja pale mkono ulipogonga.

Nyongeza zikaisha, orodha ikarudi, na muziki wa mwanzo ukaanza kulia. Niliuliza kama wangependa sasa watoto watazame filamu yenyewe.

"Hiyo ya mbuzi wataona baadaye," Mama Igoki akasema. Alinipa rimoti kwa sababu macho yake hayakuwa yakiona vibonyezo vizuri wakati huo. "Mama Mugendi, turudishie pale kwa njia ya Gachoka."

Nikarudisha.